Rudolf Diesel: Mwana wa fundi wa ngozi aliyeuachia ulimwengu injini, akaiachia familia madeni

Katika vituo vya biashara vya Bonde la Lambwe, baina ya milima ya Gwassi na mteremko wa Kanyamwa katika Kaunti ya Homa Bay, si ajabu kuusikia mlio wa mashine ya kusagia unga kabla ya kuyaona mabati ya kibanda chenyewe.

Mafuta yanayoiendesha mashine hiyo huitwa dizeli. Wengi wanaolitamka neno hilo kila siku hawajui kuwa lilikuwa jina la binadamu, na kwamba binadamu huyo alitoweka baharini usiku mmoja wa mwaka wa 1913 katika hali ambayo bado inazua mjadala.

Rudolf Diesel alizaliwa Machi 18, 1858 mjini Paris, Ufaransa, kwa wazazi Wajerumani. Babake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kushona bidhaa za ngozi. Ngozi, tukumbuke, ndiyo iliyotumiwa enzi hizo kuzibia pampu na mitambo ya maji kabla ya mpira kuenea, kwa hivyo huenda si kosa kusema kuwa mvulana huyo alikulia karibu na gasketi bila kujua.

Vita baina ya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka wa 1870, familia hiyo ilifukuzwa Paris pamoja na Wajerumani wengine, ikakimbilia London. Maisha yalikuwa magumu huko, naye Rudolf, akiwa na umri wa miaka 12, alitumwa peke yake hadi Augsburg kuishi na jamaa aliyekuwa mwalimu wa hisabati.

Alisoma kwa bidii isiyo ya kawaida. Katika chuo cha ufundi cha Munich alifunzwa na Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza barafu, na mwaka wa 1880 alihitimu kwa alama za juu kabisa baada ya homa ya matumbo kumchelewesha. Linde alimwajiri na kumrudisha Paris. Miaka iliyofuata aliitumia kuuza na kurekebisha mitambo ya barafu mchana, na kupiga hesabu za injini yake mwenyewe usiku.

Kilichomkera ni hasara. Injini za mvuke za wakati huo zilipoteza takriban sehemu tisa kati ya kumi za joto la makaa yaliyochomwa. Tena zilikuwa kubwa na ghali, jambo lililomaanisha kuwa mwenye kiwanda kikubwa alinufaika huku seremala na mfumaji wa nyumbani wakifilisika. Diesel alitaka injini ndogo itakayomfaa fundi mdogo.

Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza: hewa igandamizwe ndani ya silinda hadi iwe na joto la kutosha kuwasha mafuta bila cheche. Alipata hataza mwaka wa 1893, na kiwanda cha mashine cha Augsburg kikakubali kumjengea injini ya majaribio.

Hapo ndipo teso lilipoanza. Hewa iliyogandamizwa kiasi hicho hutafuta mwanya wowote wa kutorokea, na kila mahali palipounganishwa chuma na chuma pakawa na uwezekano wa kuvuja. Mnamo Agosti 10, 1893 mafuta yalipoingizwa kwa mara ya kwanza, yaliwaka kwa kishindo kikubwa hivi kwamba kifaa cha kupimia shinikizo kilipasuka. Waliokuwepo waliponea chupuchupu. Diesel alifurahi, maana alikuwa amethibitisha kwamba mafuta yanaweza kujiwasha.

Ilimchukua hadi Februari 1894 injini kujiendesha yenyewe, nayo ilifanya hivyo kwa takriban dakika moja tu. Miaka mitatu baadaye, Februari 17, 1897, Profesa Moritz Schröter aliipima rasmi na kupata kuwa inatumia takriban asilimia 26 ya nguvu za mafuta. Hakuna injini nyingine iliyokaribia kiwango hicho.

Sifa zilimfikia, na fedha pia. Lakini injini za kwanza kuuzwa zilisumbua wanunuzi, kikiwemo kiwanda cha viberiti cha Kempten, na wengine walitaka kurejeshewa pesa zao. Diesel aliugua kwa msongo na kulazwa mwaka wa 1898.

Kuna kisa kimoja kinachosimuliwa vibaya mara kwa mara, nacho kinatuhusu sisi Waafrika. Husemwa kuwa Diesel aliibuni injini yake itumie mafuta ya karanga. Sivyo. Mwanzoni aliwaza hata vumbi la makaa ya mawe. Ukweli ni kwamba katika Maonyesho ya Paris ya mwaka wa 1900, kampuni ya Otto iliendesha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya karanga, na watazamaji wachache tu ndio waliong'amua. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, ikiyawazia makoloni yake ya Afrika ambako karanga zilistawi. Diesel mwenyewe alikuja kulipigia debe wazo hilo baadaye, na hasa mwaka wa 1912.

Karanga hulimwa pia Ndhiwa na maeneo jirani ya Lambwe, ingawa bei yake sokoni leo inamfanya mwenye akili timamu aziweke kwenye kikaango badala ya tangi. Anayetaka kujitengenezea dizeli ya mimea nyumbani hutazamia zaidi mafuta yaliyokwisha kukaangia au mbegu za mbono.

Mtu huyo atakumbana na adui yule yule wa Diesel: uvujaji. Mafuta huchanganywa na methanoli na magadi makali, kisha hupashwa joto lisilofikia nyuzi 65, kiwango ambacho methanoli huchemka. Methanoli ni sumu inayoweza kupofusha, na moto wake hauonekani vyema mchana. Gasketi ikilegea, anayesimama kando ya pipa huenda asijue kuwa kuna moto mpaka aungue.

Mafundi wetu wamezoea kukata gasketi kutoka kwa tyubu kuukuu za magari. Kwa maji hazina neno. Dizeli ya mimea, hata hivyo, hupenya mpira wa aina hiyo na mpira wa kawaida, ukavimba, ukalainika na hatimaye kuoza. Mpira wa naitraili huvumilia kwa muda tu. Viton huhimili dizeli yenyewe vizuri sana, ila baadhi ya aina zake huvimba kwenye methanoli na hazipendi magadi ya moto. Kwa hivyo gasketi inayofaa tangi la kuhifadhia si lazima ifae pipa la kuchanganyia.

Kwa pipa hilo, Teflon ndiyo salama zaidi, yaani ile ile ya tepu nyeupe ya mafundi wa bomba, lakini iwe ya bamba. Kasoro yake ni kuwa hubonyea polepole chini ya bolti, basi sharti zikazwe tena baada ya kutumika mara chache. Viungo vya shaba, zinki na risasi viepukwe kwa kuwa huharakisha kuharibika kwa mafuta, na alumini huliwa na magadi.

Mbinu hiyo ya kuchanganya mafuta na alkoholi Diesel hakuiona ikitumika. Ilisajiliwa Ubelgiji mwaka wa 1937 na G. Chavanne, aliyetumia mafuta ya mawese kutoka Kongo.

Kufikia 1912, meli kubwa kama Selandia zilikuwa zikivuka bahari kwa injini za dizeli. Mbunifu wake alikuwa na jumba la fahari Munich na hana pesa. Uwekezaji mbaya na kesi za hataza vilikuwa vimezimeza.

Jioni ya Septemba 29, 1913 alipanda meli Dresden kule Antwerp kuelekea Harwich, Uingereza. Alikula chajio na wenzake, akaagiza aamshwe asubuhi na mapema, kisha akaingia chumbani. Asubuhi kitanda chake kilikutwa hakijalaliwa.

Siku kadhaa baadaye, mabaharia wa chombo cha Uholanzi waliopoa mwili ulioharibika, wakatoa vitu vidogo mifukoni na kuurudisha baharini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya babake. Wapo waliodai aliuawa na majasusi au wafanyabiashara wa mafuta, lakini ushahidi wa madeni ndio uliopatikana. Mkewe, Martha, na watoto watatu waliachiwa hesabu ambazo hazingelipika.