Frederick Treves na Kidole Tumbo cha Mfalme

Likizo ya Agosti mdogo wangu alishikwa na tumbo usiku, papa hapa Kiplombe. Maumivu yalianzia kitovuni, akakataa chakula, akatapika. Mimi nilimcheka tu, nikasema ni mahindi ya kuchoma aliyoyafakamia. Kulipokucha maumivu yalikuwa yamehamia chini, upande wa kulia. Mama akamkimbiza mjini kwa matatu. Daktari alimbonyeza tumbo taratibu, kisha akauondoa mkono ghafula. Lo! Kijana alipiga yowe la kusikika nje. Kumbe ni kidole tumbo, na alipasuliwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za ugonjwa huu, ndipo nikakutana na maisha ya daktari Frederick Treves.

Kidole tumbo ni kifuko chembamba kilichoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana. Kikiziba, vijidudu huzaana humo, kikavimba na kujaa usaha. Kikipasuka, uchafu wote humwagika tumboni, na hapo ndipo balaa.

Treves alizaliwa mwaka 1853 huko Dorchester, Uingereza. Alifanya kazi katika London Hospital, mtaa wa maskini wa Whitechapel. Wengi wanamkumbuka kwa kumtunza Joseph Merrick, yule aliyeitwa Mtu Ndovu, hadi alipofariki mwaka 1890. Lakini sifa yake kubwa kwa madaktari ilikuwa tumbo. Katika miaka ya 1880 alikuwa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kupasua wagonjwa wa kidole tumbo. Hata hivyo hakuwa na pupa ya kisu. Alifundisha kwamba mara nyingi ni heri kungoja uvimbe upoe kwanza.

Mwaka 1900 binti yake Hetty aliugua. Alifariki kwa ugonjwa huo huo wa kidole tumbo. Jamani, hebu fikirieni: bingwa wa nchi nzima, na mtoto wake mwenyewe!

Miaka miwili baadaye, Juni 1902, mgonjwa alikuwa Mfalme Edward wa Saba, ambaye wakati huo alitawala hata huku kwetu. Alipaswa kutawazwa tarehe 26. Wageni wa mataifa walikuwa wamekwisha kufika London. Mfalme alishikilia kwamba lazima sherehe iendelee, tumbo litasubiri. Treves alikataa katakata. Alimweleza wazi kuwa akienda kanisani atakwenda akiwa maiti. Mimi sijui ningepata wapi ujasiri wa kumwambia mfalme hivyo! Tarehe 24 alimpasua mle mle ndani ya Buckingham Palace, akatoa usaha. Kidole tumbo chenyewe alikiacha. Mfalme akapona, akatawazwa tarehe 9 Agosti, na tangu hapo watu wa kawaida wakaanza kupunguza woga wa upasuaji huo.

Alipostaafu, Treves alisafiri sana. Alifika hata Mombasa, akapanda gari la moshi hadi ziwani na kuvuka kwenda Uganda. Safari hiyo aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1910. Eldoret hakuipitia kwa garimoshi, maana reli yetu ilifika mwaka 1924.

Wakati huo yeye alikuwa ameshafariki. Alikufa Desemba 1923 mjini Lausanne, Uswisi, na kilichomwua, mtashangaa, ni maambukizi yaliyoenea ndani ya tumbo. Penisilini ilikuwa bado. Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928.

Mdogo wangu yeye alitundikiwa dawa za kuua vijidudu, zikimwingia tone kwa tone kupitia mshipa wa mkono. Siku ya tatu nilimpelekea uji. Aliuonja, akanitazama, akaniuliza kama mahindi yote yamekwisha shambani.