Sir Tharia Topan na Nyumba ya Mizingani

Kijana wetu anayetoka Fumba kwenda mjini, akipita Mizingani kuelekea bandari ya Malindi, hukuta nyumba ya ghorofa yenye roshani za mbao zilizotiwa nakshi. Wengi huipita bila ya kuuliza nani aliyeijenga. Ni Tharia Topan.

Alizaliwa mwaka 1823 huko Kutch, Bara Hindi, akaingia Unguja angali mtoto. Yasimuliwa kuwa hakuwa na nauli, alijificha chomboni. Alianza kwa kazi za chini katika nyumba za biashara za Wahindi wenziwe, akapanda mpaka akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pwani. Mwaka 1875 alifuatana na Sayyid Barghash kwenda London, na mwaka uliofuata akakabidhiwa forodha, kazi iliyokuwa miaka mingi mikononi mwa kampuni ya Jairam Shivji.

Haifai kumsimulia mtu nusu. Fedha zake zilikopeshwa misafara ya bara, ukiwamo wa Tippu Tip, na misafara hiyo ilileta pembe kwa jasho na damu ya watu. Anayemlaumu kwa hilo ana haki yake.

Mwaka 1887, kwa jubilei ya Malkia Victoria, aliweka jiwe la msingi la spitali ya maskini. Mwaka 1890 alipewa cheo cha Sir, na 1891 akafariki Bombay bila ya kuiona imekwisha. Mjane wake (naye hatajwi sana, ingawa anastahili) ndiye aliyeendeleza kazi hadi 1894. Baadaye jengo likanunuliwa na Haji Nasser Nurmohamed, chini ikawa zahanati, juu watu wakapanga. Makhoja walikuwa wamekwisha kutengana kwa madhehebu. Mwismailia alijenga, Mithnaashari akatibu watu humo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo liliachwa likachakaa. Mwaka 1990 lilikabidhiwa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ulioanzishwa 1988, likatengenezwa upya kuwa nyumba ya utamaduni. Mfuko huo huo ndio uliotengeneza bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa 2009. Katika kazi ya majengo ya Mji Mkongwe mafundi hurudia chokaa, si saruji. Vijana wa Fumba, waliozaliwa juu ya mawe ya matumbawe na kuyaona matanuu, wataelewa upesi: saruji huufunga unyevu ndani ya ukuta, na jiwe huoza kimyakimya.