Jeevanjee Alikuwa Mtu Kabla ya Kuwa Bustani

Makomredi wengi wanaijua Jeevanjee kama mahali pa kukutania, pa kukalia benchi ukingoja rafiki anayesema amefika mjini na bado yuko kwa matatu. Wengine wanaijua kwa mabishano, maana pale chini ya miti watu hubishana siasa mchana kutwa, bila spika wala kipaza sauti. Lakini ukiuliza huyo Jeevanjee alikuwa nani, wengi watakuambia tu alikuwa Mhindi tajiri fulani wa zamani. Ni kweli alikuwa Mhindi, na ni kweli alikuwa tajiri. Kilichobaki ndicho kinachotuhusu sisi.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, katika familia ya Mabohora. Siku hizo Karachi ilikuwa ndani ya India iliyotawaliwa na Waingereza. Masomo ya darasani hakuyapata sana. Alijifunza biashara kwa kuifanya, akazunguka hadi Australia akauza bidhaa huko Adelaide, na mwaka 1890 akatua Mombasa. Kampuni ya Waingereza iliyokuwa imepewa Afrika Mashariki kuiendesha ilikuwa inahitaji watu na vifaa, naye akaona nafasi.

Nafasi kubwa zaidi ikaja na reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukapita Nairobi mwaka 1899 na kufika ziwani mwaka 1901. Jeevanjee alipata kandarasi ya kuleta vibarua kutoka India na kuwapelekea chakula. Kwa jumla, na hapa tunahesabu hata walioletwa kwa njia nyingine, Wahindi karibu 32,000 waliletwa kwa kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Kwa hiyo tusimpake mtu sukari. Utajiri wake ulianza kwenye kazi ya jasho na damu ya wengine, chini ya serikali iliyokuwa inanyakua nchi.

Pesa zilipoingia, alizifanyia kazi. Alijenga majengo ya serikali Mombasa na Nairobi, akanunua viwanja, akamiliki meli, na mwaka 1904 akajenga soko Nairobi. Mwaka 1902 alianzisha gazeti Mombasa, African Standard. Alipoliuza mwaka 1905 wanunuzi walikuwa Wazungu, jina likawa East African Standard, na baadaye likahamia Nairobi. Ndilo The Standard unalosoma leo. Hapa kuna kichekesho kichungu: gazeti alilolianzisha yeye likaja kuwa sauti ya walowezi waliokuwa wanampinga yeye na watu wake. Kisha kuna bustani. Aliitengeneza kwa pesa zake, akaiweka sanamu ya Malkia Victoria, na mwaka 1906 akaikabidhi watu wa mji. Mtu anayemwekea malkia sanamu hajaanza mapinduzi bado, sivyo?

Lakini fikira zake zilibadilika, na kilichozibadilisha ni ardhi. Wazungu walioletwa kulima nyanda za juu, wakiongozwa na Lord Delamere, hawakutaka Mhindi apate shamba huko. Mwaka 1908 serikali ya London ikawakubalia. Mhindi angeweza kujenga ofisi ya serikali, kuuza unga na vitambaa kila kituo cha reli, kulipa kodi kama wengine, ila shamba la nyanda za juu asipate. Mjini nako walitaka akae mtaa wake, auze soko lake. Jeevanjee aliyekuwa amejenga sehemu nzuri ya Nairobi akajikuta anaambiwa pa kusimama katika mji huohuo.

Baraza la kutunga sheria lilikuwa limeanza mwaka 1907, wajumbe wote Wazungu. Ilipofika 1910, Jeevanjee alikuwa ameteuliwa kuingia, mtu wa kwanza asiye Mzungu kukaa humo. Mtu mmoja kati ya wengi angefanya nini? Kura yake haikuweza kupindua kitu. Basi mwaka huohuo akapanda meli, akaenda London, akawaeleza waandishi wa magazeti ya huko jinsi walowezi walivyokuwa wanawabagua Wahindi. Nairobi kukawaka moto, walowezi wakamwona mtu hatari. Baada yake Wahindi walikaa miaka bila mjumbe barazani.

Hakunyamaza. Mwaka 1912 alitoa kijitabu Bombay akiwaeleza watu wa India hali ya ndugu zao huku. Mwaka 1914 vyama vya Wahindi vya eneo hili vilikutana Mombasa na kuunda kongamano moja, East African Indian National Congress, naye akawa rais wake wa kwanza. Ukiangalia waliokaa katika mikutano hiyo, wengi walikuwa wenye maduka, mawakili na makandarasi. Na upande wa pili mambo yalikuwa hivyohivyo: wenye mashamba makubwa walikuwa na vyama vyao, wakikutana kupanga bei, kodi, reli na vibarua, halafu wanaenda kumwambia gavana la kufanya. Kwa ufupi, siasa ya nchi hii ilianza kama mabishano ya wenye mali.

Tusidanganyane lakini. Huko London mwaka 1910, Jeevanjee alifika mahali pa kupendekeza kwamba eneo hili liunganishwe na himaya ya India. Kwake hilo lilikuwa jibu kwa Delamere, aliyetaka nchi ya Mzungu. Mmoja anavuta huku, mwingine anavuta kule, na mwenye nchi hayuko hata mlangoni. Mgikuyu aliyefukuzwa Kiambu na Mmaasai aliyehamishwa Laikipia hawakuulizwa na yeyote kati ya hao wawili.

Gharama ya kutokuwepo ilionekana wazi baada ya vita vya kwanza. Mwaka 1920 thamani ya rupia, pesa iliyotumika huku, ilipandishwa kutoka shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza hadi shilingi 2. Mlowezi aliyekuwa na deni la rupia akaona deni limepanda kwa nusu yake bila kukopa senti moja zaidi, na mazao yake yalikuwa yanauzwa ng'ambo kwa pauni. Bei za mazao nazo zikaanguka. Waajiri Wazungu wakakaa kikao, wakajadili shida yao ya uchumi, na mwaka 1921 wakaamua kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Hesabu yao ilikuwa sawa kabisa kwenye karatasi. Deni la tajiri likahamishiwa kwa kibarua, aliyekuwa tayari amevishwa kipande shingoni na kuongezewa kodi ya kibanda.

Harry Thuku akasimama kupinga hayo. Baadhi ya Wahindi, hasa M. A. Desai, mwenzake Jeevanjee katika kongamano, walimpa Thuku msaada na hata mahali pa kufanyia kazi. Serikali ikamkamata, na tarehe 16 Machi 1922 umati uliokuja kumdai ukapigwa risasi, polisi upande mmoja na walowezi wa hoteli ya Norfolk wakijiunga. Komredi, hapo ni ng'ambo ya barabara tu kutoka chuoni. Tunapita kila siku.

Mwaka uliofuata, 1923, pande zote zilikwenda London kubishana mbele ya serikali. Delamere alikuwa huko, na Jeevanjee, sasa mzee wa miaka 67, alikuwa katika ujumbe wa Wahindi. Jibu lililotoka ni lile linaloitwa Tamko la Devonshire. Nyanda za juu zikabaki za Wazungu. Wahindi wakapewa viti 5 barazani, vya kupigiwa kura na Wahindi peke yao, wakati wao walitaka orodha moja ya wapiga kura wote. Halafu ikaandikwa kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatatangulia. Maneno matamu. Ila Mwafrika wa kwanza kuingia baraza lile, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, miaka 21 baadaye. Kwa miaka hiyo yote maslahi yetu yalitangulia bila sisi wenyewe.

Jeevanjee alifariki Nairobi mwaka 1936, akiwa na miaka 80. Ule utajiri wa enzi za reli ulikuwa umepungua sana. Siasa ilikuwa imemgharimu.

Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kuichimba bustani yake ili lijengwe jumba la maegesho na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, akapiga kelele, watu wakamuunga mkono, na mpango ukakufa. Baadaye Zarina akaandika kitabu kizima kuhusu maisha ya babu yake, na kazi hiyo ndiyo iliyomrudisha Jeevanjee katika historia yetu.

Tumhesabu vipi basi? Mimi nasema tumhesabu kama mtu aliyeona dhuluma ilipomgusa yeye, akaipiga vita kwa nguvu na kwa mali yake, lakini hakuiona yote. Hilo si kosa la Wahindi wa 1910 peke yao. Leo wenye viwanda, mabenki na makampuni wakiitwa Ikulu kujadili kodi na bei ya mafuta, wanaongea kweli kuhusu shida zao. Wana haki ya kuongea. Swali ni kama mama mboga, mtu wa boda na mwanafunzi wa mkopo wa serikali wana kiti mezani, au watasomewa uamuzi kwenye gazeti kesho yake. Mwaka 1921 waajiri walikuwa na shida ya kweli pia. Aliyeilipa hakuwa ndani ya chumba.