Dkt John Kirk: Aliyeona tiba ya moyo katika sumu ya mishale

WENGI humkumbuka Dkt John Kirk kama mwakilishi wa Uingereza aliyemshinikiza Sultani Barghash kutia saini mkataba wa Juni 5, 1873 uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Ni wachache wajuao kwamba aliacha alama katika tiba ya moyo pia.

Kirk alizaliwa Scotland mwaka 1832, akahitimu udaktari Edinburgh mwaka 1854. Mnamo 1858 alijiunga na msafara wa David Livingstone wa Mto Zambezi akiwa tabibu na mtaalamu wa mimea. Kandokando ya Mto Shire, wawindaji walipaka mishale yao sumu iitwayo kombe. Kirk aliweka sampuli ya sumu hiyo karibu na mswaki wake. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mkali kinywani, na alipojipima akakuta mapigo ya moyo wake yamepungua.

Mkasa huo ungeweza kumuua. Badala yake, ulifungua njia. Sampuli zilifika Edinburgh, ambako Thomas Fraser alitenga kiini cha mbegu za mmea huo na kukiita strofanthini. Mwaka 1885 alikitangaza kuwa dawa ya moyo.

Kutenga kiini lilikuwa jambo la kufa na kupona. Strofanthini huupa moyo dhaifu nguvu ya kusukuma damu, lakini kipimo kikizidi huusimamisha. Kwa kuwa nguvu ya mbegu ghafi hutofautiana, tabibu hawezi kukadiria dozi salama bila kujua kiasi cha dawa kilichomo.

Wawindaji wa Kitui na Makueni nao walikuwa na sumu inayofanana na hiyo. Waliipata kwa kuchemsha msunguti, ambao Wakamba huuita kivai, hadi maji yakawa mazito na meusi kama lami. Mwaka 1888, Mfaransa Léon-Albert Arnaud alitenga fuwele za ouabaini kutoka kwa mti wa jamii hiyo hiyo. Hatua yake ya kwanza, kuchemsha mti majini, haikuwa ngeni Ukambani.

Kirk alifariki Januari 15, 1922, akiwa na umri wa miaka 89. Jina lake limehifadhiwa vitabuni. Ya wawindaji waliomtangulia kuijua nguvu ya mimea hiyo hayakuandikwa.