Maisha ya George Orwell na Kufundisha Riwaya Sura kwa Sura

Mwalimu hawezi kufundisha riwaya vizuri iwapo hajui mwandishi aliyapata wapi mambo aliyoyaandika. Tutazame mfano wa George Orwell na riwaya yake iitwayo 1984, inayosimulia nchi ambamo watawala hufuta habari za jana na kuandika nyingine mahali pake.

Jina lake halisi lilikuwa Eric Arthur Blair. Alizaliwa Motihari, India, mwaka 1903, akalelewa Uingereza. Kuanzia 1922 hadi 1927 alikuwa afisa wa polisi wa kikoloni huko Burma. Akaichukia kazi hiyo na kuiacha. Mwaka 1932 akawa mwalimu wa shule ndogo huko Hayes, karibu na London. Mwishoni mwa 1933 aliugua kichomi, akaacha ualimu.

Mwaka 1937 alipigana vita vya Hispania upande wa Jamhuri, akapigwa risasi ya shingo. Aliporudi kwao alikuta magazeti yakieleza kinyume mambo aliyoyaona kwa macho yake. Kati ya 1941 na 1943 alitayarisha matangazo ya BBC kwa India, na kila neno lilipita kwanza mikononi mwa wakaguzi wa serikali. Mwaka 1944 wachapishaji kadhaa walikikataa kitabu chake kilichoukosoa utawala wa Urusi, iliyokuwa rafiki wa Uingereza vitani. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1945, na mwaka 1967 Fortunatus Kawegere alikitoa kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama.

Riwaya ya 1984 aliiandika katika kisiwa cha Jura, Uskoti, huku kifua kikuu kikimmaliza. Ilitoka Juni 1949. Yeye akafariki Januari 1950, akiwa na umri wa miaka 46.

Riwaya hiyo ina sehemu tatu zenye jumla ya sura 24. Katika sura ya kwanza, Winston Smith anaanza kuandika shajara kwa siri. Wanachuo waulizwe: kwa nini maandishi ya mtu peke yake yamtishe mtawala? Katika sura ya nne tunamwona kazini akibadili magazeti ya zamani. Hapo ndipo pa kueleza habari za Hispania na BBC. Katika sura ya tano mwenzake anajisifu kwa kupunguza maneno ya kamusi. Hapa kila mmoja aandike sentensi ya kudai haki yake, kisha aondoe neno moja moja, aone dai lake linavyokufa.

Katika shule ya msingi, somo hilohilo lawezekana kwa Shamba la Wanyama, ambamo amri zilizoandikwa ukutani hubadilishwa kimyakimya. Andika kanuni ya darasa ubaoni asubuhi. Wakati wa mapumziko badili neno moja. Ngoja uone ni nani atakayegundua, na ni nani atakayethubutu kusema.

Hapana budi tujihadhari pia na nafsi zetu. Mwalimu anayewapa wanafunzi muhtasari wa kukariri, na kumkemea anayeuliza swali, naye anafuta maneno. Msomaji wa kweli hulelewa kwa kuachwa asome sura, akumbuke ya sura iliyotangulia, na aulize ni nini kilichobadilika.