Kurudi kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit

Ndugu zetu wa darsa na wasomaji wetu wa Embulbul, Ngong, Kitengela na Kajiado, hapana shaka mmeyasikia maneno yanayozungumzwa barazani katika miezi hii juu ya vijana wetu wanaorudi kutoka nchi za mbali. Wengine wamekaa Madina au Khartoum miaka sita au saba wakisoma. Wengine wamekaa Ghuba wakifanya kazi, na huko wakasikiliza darsa misikitini. Tuliwaaga kwa dua na kwa machozi, na tunawapokea kwa furaha. Lakini mara nyingi furaha hiyo haipiti Ijumaa ya pili. Kijana husimama akatangaza kwamba sala ya mwalimu wake aliyemfundisha alifu na be si sala, na wazee nao hukasirika wakasema kwamba elimu ya ng'ambo ni fitina. Msikiti mmoja hugawanyika safu mbili, na wanaoumia ni watoto wa chuo, kwa maana hawajui tena wamsikilize nani.

Hatukusudii kuingia katika ugomvi huo kwa kutaja watu. Tumependelea kuwaeleza maisha ya mwanachuoni mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki ambaye alisafiri, akasoma, akatukuzwa ugenini, kisha akarudi. Naye ni Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sayyid Ahmad alizaliwa Itsandra, katika kisiwa cha Ngazija, mwezi wa Rajab mwaka 1277, sawa na Januari 1861. Baba yake, Sayyid Abubakar bin Abdallah, alikuwa mtu wa Shibam katika Hadhramaut, mji ule wenye majumba marefu ya udongo yanayosimama kama ngome katikati ya bonde. Alikuwa mfanya biashara na mwanachuoni kwa pamoja, kama walivyokuwa wengi wa masharifu waliovuka bahari kuja pwani yetu. Kwa hivyo tangu utoto wake Sayyid Ahmad alikuwa na nchi mbili: moja aliyoiona kwa macho yake, na moja aliyoisikia kwa masikio kutoka kwa baba yake. Baadaye ikaongezeka ya tatu, nayo ni Unguja, iliyomwajiri na hatimaye kumzika.

Alisoma kwa baba yake kwanza. Baba alipofariki, kijana hakukaa kungoja riziki, bali alishika bahari. Alijifunza ubaharia na akawa nahodha wa jahazi. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wako wanaodhani kwamba elimu ya dini hukaa vizuri tu kwa mtu asiyejua kazi nyingine. Mtu aliyepata kuongoza jahazi usiku baina ya visiwa amekwisha kujifunza subira, hesabu na tahadhari kabla hajafungua kitabu cha usuli.

Karibu ya mwaka 1881, naye yuko katika umri wa miaka ishirini, alikwenda Hadhramaut kwa mara ya kwanza. Huko aliwaona mashekhe wakubwa wa zama zile: Habib Ahmad bin Hasan al-Attas wa Huraidha, aliyekuwa kipofu wa macho na mwenye kuona kwa moyo, na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Saiwun. Alichukua elimu na ijaza kwao. Alikuwa amefika katika nchi ya wazee wake. Nyumba ya ukoo ilikuwako, na jina lake likijulikana kila mlango. Angeweza kubaki. Hakubaki, alirejea pwani, na Sayyid Barghash bin Said, mfalme wa Unguja, akamfanya kadhi angali kijana.

Hakukaa sana katika ukadhi huo. Mnamo mwaka 1885 au karibu yake aliuacha akasafiri tena, na safari hii ndiyo iliyomfikisha mbali. Alikwenda Istanbul, mji wa khalifa. Aliyempokea huko ni Sayyid Fadhl bin Alawi, mtu mkubwa aliyekuwa karibu na Sultani Abdulhamid wa Pili. Sayyid Ahmad alisoma kwake, na kwa njia yake akafikishwa katika baraza ya dola, hata akapewa nishani ya Kituruki.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo kwa ajili ya huyo Sayyid Fadhl. Asili yake ilikuwa Malabar, Bara Hindi. Mwaka 1852 Waingereza walimtoa huko kwa kuogopa nguvu yake juu ya Waislamu wa pande zile. Akakaa Arabuni, na kwa miaka michache, tangu 1876 mpaka 1879, akatawala Dhofar mpaka watu wake wakamwondoa. Tangu hapo alikaa Istanbul katika heshima kubwa, na humo akafariki mwaka 1900 bila ya kukanyaga tena ardhi ya Malabar. Basi Sayyid Ahmad alisoma chini ya mtu aliyepewa kila kitu ugenini isipokuwa ruhusa ya kurudi kwao. Mwanafunzi alikuwa na ruhusa hiyo mkononi. Kila tunapofikiri juu ya uamuzi wake wa kuondoka katika mji ule, pamoja na nishani na marafiki wa kifalme, tunamkumbuka na mwalimu wake huyo aliyebaki.

Kutoka Istanbul alipita Misri na Makka akikutana na maulamaa. Mwaka 1888 alirejea Unguja. Sayyid Barghash alikuwa amefariki mwezi wa Machi mwaka huohuo, na ndugu yake Sayyid Khalifa bin Said amekalia kiti. Sayyid Ahmad akarudishwa katika ukadhi, naye ana umri wa miaka ishirini na saba.

Itazameni vizuri Unguja aliyorudi. Haikuwa nchi ya raha. Katika mwaka huo huo Wajerumani walianza kushika bandari za mrima, na watu wa Pangani na Bagamoyo wakainuka kupigana nao pamoja na Abushiri bin Salim. Mwaka 1890 Unguja yenyewe iliingia chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga jumba la mfalme kwa muda usiotimia saa nzima, na Sayyid Khalid bin Barghash akakimbia. Mwaka 1897 ukapigwa marufuku utumwa kwa sheria. Mwaka 1908 mahakama zikapangwa upya, na majaji wa Kiingereza wakawa juu. Kadhi alibaki na nikaha, talaka, mirathi na mambo mfano wa hayo, naye akihukumu chini ya macho ya watu wasioijua sharia aliyoisomea. Mtu aliyeiona Istanbul angeweza kusema kwamba kazi kama hii haifai heshima yake. Yeye aliifanya mpaka uzee wake.

Katika fikihi ya madhehebu yetu ya Kishafi kuna masuala ambayo wanafunzi wa darsa wameyapitia juzi, na yanafaa kutajwa hapa. Msafiri hukatikiwa na hukumu ya safari akifika kwao, au akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka. Lakini huyo wa pili, aliyenuia kukaa, ni mukimu tu. Sala ya Ijumaa inamlazimu, ila yeye hahesabiwi katika wale arubaini wanaoifanya Ijumaa isimame. Anayehesabiwa ni mustautini, yaani mtu aliyeufanya mji kuwa wake, haondoki kiangazi wala masika ila kwa haja. Mtu aweza kukaa mahali miaka kumi, na madamu moyoni mwake anangoja siku ya kuondoka, hatimizi idadi ya arubaini.

Wako kwetu waliorudi kwa miili, na mizigo yao bado haijafunguliwa. Kila jambo la Embulbul hulipima kwa mizani ya mji walikotoka: maji, barabara, msikiti, hata adhana. Hatuwalaumu kwa kukumbuka; mtu aliyelishwa na mji hana budi kuukumbuka. Tunasema tu kwamba Sayyid Ahmad, aliyezaliwa Ngazija na ambaye asili yake ni Shibam, alikuwa Unguja mustautini. Alisafiri tena baadaye, na mara zote alirudi.

Sahibu yake wa maisha yote alikuwa Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir, mzaliwa wa Lamu. Wawili hawa karibu ni hirimu moja. Sheikh Abdallah alichukua elimu kwa Sayyid Ahmad juu ya kuwa ni rafiki yake, wala hakuona aibu. Na Sayyid Ahmad hakumfanya mdogo kwa sababu hiyo. Kwa shauri la maulamaa hao hao wa Hadhramaut, Sheikh Abdallah naye alikwenda huko mwaka 1897, akaandika kitabu cha safari yake. Chuo chake cha Ukutani, mjini Unguja, kikawa mlango wa elimu kwa watu wa pwani nzima. Basi mmoja akihukumu na kufundisha, mwenziwe akifundisha tu, na wanafunzi wakipita baina ya nyumba mbili hizo bila ya kuulizwa wao ni wa nani.

Katika vitabu alivyoviacha Sayyid Ahmad kimo kimoja kiitwacho al-Ibtihaj, kinachoeleza istilahi za Minhaj ya Imamu Nawawi. Huenda kijana akauona mdogo, akasema ni kitabu cha msamiati. Tunamwomba akisome tena. Imamu Nawawi, anapochagua baina ya kauli mbili za Imamu Shafi, husema hii ndiyo adhhar ikiwa ile nyingine nayo ina nguvu, na husema hii ndiyo mashuhuri ikiwa ile nyingine ni dhaifu. Kadhalika katika maoni ya wafuasi wake: husema asahhi, sahihi zaidi, ikiwa la pili nalo lina uzito, na husema sahihi tu ikiwa la pili halina. Neno moja linambainishia msomaji hukumu, na pamoja na hukumu linambainishia kadiri ya heshima anayostahili yule asiyefuatwa. Mtu aliyekunywa elimu ya Hadhramaut, Istanbul, Misri na Makka alikaa Unguja akawaandikia wanafunzi kitabu cha kuwafundisha kupima khitilafu kabla ya kuisema. Tunawajua waliorudi na maneno mawili tu, haramu na batili, na kwa maneno mawili hayo wanataka kuusomesha mji mzima.

Iko jambo ambalo insafu inatulazimisha kulisema. Sayyid Ahmad alikuwa Alawi kwa nasaba na kwa njia, naye alishikamana na nyiradi na ziara za wazee wake. Katika darsa letu tunayo maoni yetu juu ya baadhi ya mambo haya, na wasomaji wetu wanayajua. Lakini hatuoni kwamba mtu wa islahi ana ruhusa ya kumfuta mwanachuoni katika tarehe kwa kuwa hakukubaliana naye katika kila jambo. Na kwa hakika islahi yenyewe ya pwani hii ilipita mlangoni mwake. Husimuliwa kwamba aliandikiana barua na Sheikh Muhammad Abduh wa Misri. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891, alivuka bahari mara kwa mara kwenda Unguja kusoma kwake. Ni Sheikh Al-Amin huyu aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akawaandikia Waislamu dini yao kwa Kiswahili, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947. Kijikaratasi chetu hiki ni kitukuu cha magazeti yale. Mwenye kumkata Sayyid Ahmad kwa jina la islahi anakata tawi alilolikalia.

Mwaka 1925 ulichukua marafiki wote wawili. Sheikh Abdallah Bakathir alitangulia, na Sayyid Ahmad akamfuata tarehe 13 Shawwal 1343, yaani 7 Mei 1925. Alizikwa penye Msikiti wa Ijumaa wa Malindi, Unguja. Tangu siku aliyorejea mpaka siku ya kuzikwa ilikuwa miaka thelathini na saba.

Imebaki khabari ya mwanawe, Sayyid Umar, aliyezaliwa Itsandra mwaka 1886, katika miaka ile ya safari za baba. Alipelekwa Shibam akiwa mtoto mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa zake huko, na alirejea kwa baba yake Unguja akiwa kijana, naye baba akamsomesha upya kana kwamba ndiyo kwanza anaanza. Alifanya biashara, kisha akashika ukadhi, akafikia kuwa Kadhi Mkuu wa Unguja. Baada ya mapinduzi ya 1964 aliondoka Unguja katika uzee wake, akaenda Hadhramaut, na huko nako hakukaa, akavuka tena bahari kwenda Ngazija. Wangazija walimpokea kama mzee wao. Alifariki humo mwaka 1976 naye ana miaka tisini, katika kisiwa alichozaliwa yeye na alichozaliwa baba yake.