Zu Chongzhi, Bingwa wa Hesabu wa China ya Kale

Kila mwanafunzi aliyewahi kutafuta mzingo wa duara ameitumia namba iitwayo pai. Wengi wetu huandika 22/7, tukaendelea na hesabu bila kuuliza namba hiyo imetoka wapi, wala ni sahihi kiasi gani. Zamani sana, katika nchi ya China, alikuwako mtu ambaye hakukubali namba yoyote mpaka ameipima mwenyewe. Mtu huyo ni Zu Chongzhi. Zu ni jina la ukoo, maana Wachina hulitanguliza jina la ukoo.

Zu Chongzhi alizaliwa mwaka 429. Wakati huo China ilikuwa imegawanyika, kaskazini na kusini, kila upande na mfalme wake. Jamaa zake walitoka kaskazini wakahamia kusini, ambako makao ya mfalme yalikuwa Jiankang, mji ambao leo huitwa Nanjing. Babu yake alikuwa msimamizi wa kazi za ujenzi za serikali, na elimu ya nyota ilikuwa urithi wa nyumba yao. Zu alisifiwa kwa akili tangu ujana wake. Aliingizwa katika chuo cha wataalamu wa mfalme, kisha akapewa kazi ya serikali mikoani.

Kitabu kikubwa cha hesabu katika China ya siku hizo kiliitwa Sura Tisa. Kilikuwa na maswali 246 juu ya mambo ya kila siku: kupima mashamba, kugawa nafaka, kutoza kodi, kujenga kuta na kuchimba mifereji. Lakini katika kitabu hicho mzingo wa duara ulihesabiwa kuwa mara 3 tu ya kipenyo. Mwaka 263 mtaalamu aitwaye Liu Hui alionyesha kosa hilo. Alichora ndani ya duara umbo la pande 6, kisha akazigawa pande hizo zikawa 12, kisha 24, kisha 48, kisha 96. Kadiri pande zilivyoongezeka, ndivyo umbo lilivyozidi kufanana na duara lenyewe. Kwa njia hiyo akapata 3.14.

Zu Chongzhi aliona kwamba safari hiyo haijafika mwisho. Akaendelea mpaka akathibitisha kwamba pai ni zaidi ya 3.1415926, lakini haifiki 3.1415927. Wataalamu wengi hudhani kwamba alifuata njia ya Liu Hui mpaka umbo lenye pande 24,576. Tukumbuke kwamba hakuwa na mashine wala kalamu ya kuandikia tarakimu kama zetu. Alihesabu kwa vijiti vilivyopangwa mezani, na kila hatua ilitaka kutafuta vipeuo vya pili vya namba ndefu. Kijiti kimoja kikiwekwa vibaya, kazi ya siku nyingi huharibika.

Kwa kazi za kawaida alitaja 22/7, namba ambayo Archimedes wa Ugiriki alikuwa ameijua kabla yake. Kwa kazi za uangalifu alitoa 355/113. Mwanafunzi aweza kuikumbuka kwa urahisi: andika 113355, uikate katikati, kisha ugawe nusu ya pili kwa nusu ya kwanza. Chukua duara lenye kipenyo cha kilomita 1. Ukitumia 22/7, mzingo utazidi kwa zaidi ya mita 1. Ukitumia 355/113, kosa halifiki hata milimita 1. Ilipita karibu miaka 900 kabla ya mtu mwingine duniani kuipata pai kwa usahihi zaidi yake.

Lakini jaribu kubwa la maisha yake lilikuwa kalenda. Miezi ya Wachina ilifuata mwezi wa mbinguni, na miezi 12 ya namna hiyo hupungua siku 11 hivi katika mwaka wa jua. Kwa hiyo mara kwa mara uliongezwa mwezi wa 13. Kanuni ya kale iliagiza miezi 7 ya nyongeza katika kila miaka 19. Zu aliona kwamba kanuni hiyo inapotoka siku moja katika kila miaka 200 hivi, akaweka miezi 144 katika miaka 391. Alipima kivuli cha nguzo wakati wa adhuhuri, siku kadhaa kabla na baada ya siku yenye mchana mfupi kuliko zote, akalinganisha urefu wake, akapata wakati wenyewe wa katikati. Mwaka aliouhesabu ulikuwa na siku 365.2428, na tofauti yake na kipimo cha leo haifiki dakika moja.

Mwaka 462, akiwa na umri wa miaka 33, alimpelekea mfalme kalenda yake mpya. Hapo Dai Faxing, mpendwa wa mfalme na mtu mwenye nguvu nyingi, alisimama kumpinga. Alidai kwamba kanuni za kale ziliwekwa na wenye hekima, na kwamba kijana wa kawaida hana haki ya kuzigusa. Kufanya hivyo ni kuitukana mbingu. Wakubwa wengi walimwogopa Dai Faxing wakanyamaza au wakamfuata. Zu hakunyamaza. Alijibu kwa maandishi, hoja kwa hoja, akaleta vipimo vya vivuli na habari za kupatwa kwa mwezi zilizoandikwa miaka ya nyuma, akataka mpinzani wake naye alete ushahidi. Mwishowe mfalme alielekea kuikubali kalenda hiyo, lakini mwaka 464 akafa, na jambo likaachwa.

Zu aliendelea na kazi. Alitengeneza gari lenye sanamu iliyoonyesha kusini daima, hata gari ligeuke vipi. Gari la zamani la namna hiyo lilikuwa ganda tupu: mtu alijificha ndani akaigeuza sanamu kwa mkono. Zu alilitia mitambo ya shaba. Tena yeye na mwanawe, Zu Geng, walipata kanuni ya kweli ya ujazo wa tufe, jambo lililomshinda hata Liu Hui.

Alifariki mwaka 500, kalenda yake ikiwa bado haijatumika. Zu Geng hakuacha kuitetea mbele ya serikali, na mwaka 510 ikakubaliwa. Hivyo baba alishinda miaka 10 baada ya kufa kwake.

Kitabu chake kikuu, Zhui Shu, hakikupata bahati hiyo. Katika chuo cha serikali cha baadaye kiliwekewa miaka 4 ya masomo, zaidi ya kitabu kingine chochote cha hesabu. Lakini kilikuwa kigumu mno. Hata walimu walishindwa kukielewa, wakakiweka kando. Vitabu vya kale vya hesabu vilipopigwa chapa mwaka 1084, hicho hakikuwamo, na mpaka leo hakijaonekana. Hakikuteketezwa na adui. Kilipotea kwa sababu waliokabidhiwa kukisoma waliona ni kizito.

Leo sayari ndogo iliyogunduliwa mwaka 1964 huko Nanjing, katika mji ule ule wa Jiankang, yaitwa kwa jina la Zu Chongzhi. Hiyo ni heshima kubwa. Lakini sisi wanafunzi twaweza kumheshimu kwa njia iliyo karibu zaidi. Tuonyeshe njia ya hesabu zetu wazi, ili mwingine aweze kuzipima. Tukipingwa, tujibu kwa ushahidi, wala si kwa hasira. Na tukikutana na somo gumu, tusilifunike haraka, maana elimu isiyosomwa na mtu hufa kimya kimya ndani ya sanduku la vitabu.